Farasi Arobaini wa Mwandu

Jumatatu, 21 Julai

Leo nimegundua kwamba nimedhulumiwa, na aliyenidhulumu yuko Japani.

Nilikuwa dukani kwangu, hapa Bariadi mjini. Wateja wa sare za shule hawakuja. Nikachukua simu, nikaanza kusoma habari za gari langu. Ni dogo, la petroli, lina turbo. Mwandu, mume wa Felisita, dada wa mke wangu, analo kama hilohilo. Aina moja, mwaka mmoja. Siku zote najiuliza kwa nini lake linapanda kilima kama limeitwa juu, na langu linapanda kama linapelekwa mahakamani.

Sasa najua. Injini ni ileile, chuma kwa chuma. Tofauti ni programu ambayo kiwanda kimeweka kwenye kompyuta ya gari. La Mwandu limepangiwa nguvu za farasi 150. Langu 110. Kwa lugha ya wafugaji: yeye kauziwa dume, mimi nimeuziwa maksai.

Farasi arobaini. Wamo humohumo ndani ya injini yangu, wamefungwa. Nimeazimia kuwafungua.

Nilimweleza Veronica, mke wangu. Akasema gari linatufikisha tunakokwenda. Nikamwambia hata punda anafikisha. Akasema punda hanywi petroli.

Jumatano, 23 Julai

Kikao cha harusi. Lalago, nyumbani kwa baba mkwe, Mzee Masunga. Anayeolewa ni Gloria, mdogo wake Veronica, mwalimu hapa Bariadi. Jumamosi ya wiki ijayo atatoka kwake hapa mjini hadi kanisani Lalago. Kilichobaki ni nani atamwendesha.

Nilisalimia mwangaluka, kwa Kisukuma, kwa magoti karibu yote mawili. Mzee akaitikia, akagawa kazi bila kuniangalia. Mwandu abebe bibi harusi. Januarius, yaani mimi, abebe masufuria.

Nikaomba kujua sababu, kwa heshima. Mzee akanikumbusha Krismasi. Njia ya kwenda Ipililo, kwenye mchanga, gari langu lilikataa. Ikabidi mzee ashuke. Mbuzi wa zawadi naye akashuka. Mzee na mbuzi walifika kabla yangu.

Ndugu walicheka sana. Mwandu hakucheka. Alisema tu, kwa upole, kwamba masufuria nayo ni kazi muhimu, maana watu wasipokula hakuna harusi. Huo upole wake ndio unaoniudhi.

Nimerudi Bariadi nikiwa nimeshika usukani kwa nguvu. Gari halikuongeza mwendo kwa sababu hiyo.

Ijumaa, 25 Julai

Nimempata mtu. Anaitwa Imrani, ana karakana ya umeme wa magari karibu na stendi. Hupanga upya programu za magari kwa kompyuta ndogo. Anavaa miwani ya jua hata akiwa chini ya gari. Ananyooshea kidole kila gari linalopita na kutaja farasi wake, na ukichelewa kusema "duh" anarudia.

Alichomeka waya wake chini ya usukani wangu, akatazama, akasikitika. Akathibitisha: 110. Akasema anaweza kuongeza, ila angefurahi kuona programu halisi ya kiwanda ya farasi 150, alinganishe mstari kwa mstari. Hataki kubuni.

Programu hiyo iko mahali pamoja tu ninapopajua. Ndani ya gari la Mwandu.

Jumapili, 27 Julai

Mpango umefaulu.

Baada ya misa nilimwambia Mwandu kwamba breki zangu hazieleweki, na nina mzigo wa vitambaa wa kupeleka Nyakabindi. Nilijiandaa kwa maswali. Hakuuliza hata moja. Akanipa ufunguo, akaniomba radhi kwamba hajapiga gari pasi. Alimaanisha hajaliosha. Lilikuwa linang'aa. Tangi limejaa. Kwenye kiti kulikuwa na maji ya kunywa. Nimeyanywa kwa hasira.

Imrani, ambaye gari langu lilikuwa kwake tangu jana, akanakili programu. Akafungua mbili pamoja, ya Mwandu na yangu, nikaona kwa macho yangu. Mistari ya Mwandu imepanda juu. Yangu imelala kama ng'ombe mgonjwa. Turbo yake inaruhusiwa kusukuma hewa nyingi zaidi, petroli nayo inaongezwa kuifuata.

Kisha Imrani akafungua boneti zote mbili. Hapo maneno yakawa mengi. Gari la Mwandu lina kipoza hewa kipana mbele ya radieta. Langu lina kidogo, kama daftari. Hewa ya turbo ikisukumwa sana huwa ya moto, na hewa ya moto huua injini. Kiwanda hakikunionea, alisema, kilipima programu kwa kipoza nilichonacho. Akashauri nichukue farasi 125, nilale salama. Nikitaka wote, ninunue kwanza kipoza kikubwa Mwanza.

Nikamwambia nitakiagiza. Nilisema kwa sauti ya mtu ambaye ameshakiagiza.

Jumanne, 29 Julai

Jambo la ajabu. Nimeshinda.

Gloria alikuja dukani akitoka shuleni. Akafunga mlango, akasema ana ombi na anaona aibu. Hataki kwenda kanisani na gari la Mwandu. Gari lile linaondoka kwa kuruka, naye hutapika. Mara ya mwisho alitapika kabla ya kufika Maswa. Kwa gauni jeupe hathubutu.

"Shemeji, nibebe wewe," alisema. "Lako linakwenda taratibu. Nikiwa humo hata usingizi unanipata."

Alimpigia baba yake palepale. Mzee akasema kama mwenye harusi ametaka hivyo, na iwe. Mwandu ndiye atabeba masufuria. Baadaye Mwandu mwenyewe alinipigia kunipongeza.

Veronica alifurahi, akapika wali na kuku. Akasema Mungu ametenda, sasa niliache gari kama lilivyo. Nikamwambia bila shaka.

Lakini mtu akitafakari. Kanisa zima litatazama gari la bibi harusi. Mwandu atakuwa nyuma yangu. Je, ashuhudie maksai?

Alhamisi, 31 Julai

Nimekwenda kwa Imrani. Kwanza akauliza habari za kipoza. Nikasema kiko njiani. Ni kweli kwa namna fulani. Kila kitu duniani kiko njiani. Akauliza kama nimebadilisha plagi. Nikasema ni mpya. Zilikuwa mpya siku zake.

Akasita sana. Mwishoni akaweka programu ya Mwandu yote, kwa masharti: nisikanyage mafuta hadi chini mpaka kipoza kifungwe. Nikakubali. Kukubali hakuna kazi.

Nikaenda kujaribu, barabara ya Lamadi. Sina maneno. Ukigusa, kiti kinakusukuma mgongoni. Nilipita lori la pamba kabla sijaamua kulipita. Nilijikuta nacheka peke yangu. Mwanamke mmoja aliyeuza matikiti kandokando alinipungia mkono, au alikuwa anafukuza vumbi.

Farasi wangu wako huru. Veronica ameuliza mbona natabasamu. Nimesema ni harusi.

Jumamosi, 2 Agosti

Naandika nikiwa na viatu vya kuazima. Vyangu vina matope.

Asubuhi yote ilikuwa nzuri. Gari limefungwa riboni na maua. Gloria nyuma, gauni limejaa kiti kizima, na msimamizi wake, Apolonia, amebanwa pembeni. Veronica mbele. Nyuma yetu Mwandu na masufuria.

Niliahidi moyoni kwenda polepole. Nikatimiza ahadi hadi mwisho wa mji. Hapo Mwandu akawasha indiketa, nadhani alikuwa anakwepa baiskeli. Mimi nikaona anataka kunipita. Nikakanyaga.

Gari likaruka. Apolonia akapiga yowe. Kwenye kioo Mwandu akawa mdogo kama kisoda. Nikasikia Gloria akiita shemeji, shemeji, kwa sauti inayopungua. Tukasimama. Alishuka, akainama kandokando ya shamba la watu, Apolonia akiwa ameshikilia gauni kama anaanika shuka. Gauni lilipona. Kifungua kinywa hakikupona.

Akarudi, akaketi, akaniuliza jambo moja tu: "Shemeji, gari umelifanya nini?"

Nikasema ni petroli ya siku hizi. Veronica akageuka akanitazama. Sikumtazama.

Nilipaswa kuishia hapo. Lakini tulikuwa tumechelewa, na padri alikuwa na misa nyingine Ipililo. Alishasema tukichelewa hatasubiri. Nilikuwa na sababu njema ya kukanyaga. Ni mara chache mtu anapata sababu njema.

Baada ya Maswa injini ikaanza kugonga, kama kokoto ndani ya kopo. Taa ya njano ikawaka. Kisha gari likapoteza nguvu karibu zote mara moja. Imrani alikuwa amenieleza hili: kompyuta ikiona hatari hujifunga, ikiacha nguvu kidogo tu za kujikokota. Nilikanyaga hadi chini. Tukapitwa na mkokoteni wa ng'ombe. Mwenye ng'ombe alituombea ndoa njema.

Gloria akasema kwa kweli sasa ndiyo linakwenda vizuri. Lakini kwenye kilima cha kwanza likazimika.

Mwandu akatufikia. Akataka Gloria ahamie kwake, lakini kila kiti kilikuwa na sufuria, na kila sufuria lilikuwa na masizi. Gloria akatazama gauni, akatazama sufuria, akatazama saa.

"Tuvuteni," alisema.

Mwandu akafungua kamba iliyofunga masufuria, akaifunga kwenye gari langu. Mimi ndiye niliyelala chini matopeni, pale bomba la kijiji lilipovujia barabarani, kutafuta pa kuifunga. Tukaingia Lalago hivyo. Masufuria yamelegea, yanalia kwa kila shimo, nyuma yake maua na riboni, na mimi nimeshika usukani wa gari lililozimika. Watu walitoka majumbani kwa kusikia kelele. Wengine wakapiga vigelegele, wakidhani ndivyo tulivyopanga.

Padri alikuwa ameshaingia kwenye gari lake. Hapo Gloria hakusubiri kufunguliwa mlango. Akashuka, akakusanya gauni kwa mikono miwili, akaenda kusimama mbele ya gari la padri. Uso umepauka, nywele zimeanguka upande mmoja. Padri akamtazama. Akazima injini. Ipililo wakapigiwa simu.

Wamefunga ndoa. Bwana harusi alilia kabla yake. Mimi nililia kidogo nyuma ya nguzo, nikisema ni vumbi.

Wakati wa chakula Mzee Masunga akaja niliposimama. Akanitazama miguuni hadi kichwani.

"Mkwilima," alisema, akiniita mkwe kwa Kisukuma, "nilijua leo tunaletewa bibi harusi. Sikujua mtaletwa wawili."

Akaniwekea nyama kwenye sahani. Nyama nzuri, ya kidari. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jumapili, 3 Agosti

Gari bado liko Lalago. Tumerudi na basi. Veronica hakusema kitu hadi nyumbani. Kisha akasema yote.

Nimekiri kila kitu: programu, plagi, kipoza, breki za uongo. Akaniuliza nilitaka nini, wakati Gloria alikuwa ameshanichagua. Nikamwambia nilitaka kuchaguliwa kwa sababu nyingine.

Akasema watu huchaguliwa kwa sababu waliyonayo. Akaniambia nimwombe Gloria msamaha. Nimepiga simu. Gloria alicheka hadi akampa mumewe simu, naye akacheka.

Jumanne, 5 Agosti

Mwandu amelivuta gari hadi Bariadi kwa hiari yake. Nilitaka kumlipa petroli, akakataa. Nimemwambia pia ukweli kuhusu siku ile nilipoazima gari lake. Akafikiri, akasema alishangaa tu kuona maji ya kunywa yamekwisha.

Imrani alivua miwani alipoona plagi zangu. Sikuwa nimewahi kuona macho yake. Akasema injini imenusurika kwa sababu kompyuta ina akili kuliko dereva. Ameweka plagi mpya, amerudisha programu ya kiwanda. Farasi 110. Linawaka vizuri. Linakwenda taratibu, na kwa kweli ni la starehe. Veronica ameniapisha, mkono juu ya usukani: sitaligusa tena. Nimeapa, na nilimaanisha.

Alhamisi, 7 Agosti

Jioni Mwandu amepita dukani. Alizungukazunguka, akashika shati la sare, akaliacha. Mwisho akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama yule fundi wangu anaweza kulifikisha gari lake farasi 180. Alisema tangu Jumamosi amekuwa akiwaza jinsi nilivyomwacha pale mwisho wa mji. Hakujua gari hizi zinaweza hivyo. Felisita asijue.

Nilimpa ushauri wa ndugu. Nikamwambia ni hatari, injini itakufa, atazame yaliyonipata. Nilisema kwa dhati kabisa. Akanishukuru, akaondoka, nikamwona amegeukia upande wa stendi.

Farasi 180. Ukitoa wangu 110, wanabaki sabini.

Nimempigia Imrani. Kipoza kikubwa kinapatikana Mwanza, basi la asubuhi linakileta kesho. Nimemwomba anipangie Jumamosi, kabla ya Mwandu. Veronica atakuwa kwenye kwaya.