Bunduki ya Mfungwa Mtoro

Jumatatu, Oktoba 24

Baridi ya kukata masikio. Jumamosi msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa, nami nimekwenda dukani kwa Merle Ouellette kuchukua bunduki ya marehemu baba. Imening'inia ukutani kwake tangu Julai, na kadi niliyoiandika mwenyewe, kwa jina langu na kwa herufi kubwa: INAUZWA. BUNDUKI YA THURLOW PINKHAM, MFUNGWA MTORO. Bei niliyoweka ni ya kununulia trekta, asije akatokea mwehu akainunua kweli. Shabaha si kuuza. Shabaha ni watu wasome.

Na wamesoma! Mama mmoja mtalii kutoka Boston aliomba anishike mkono. Kisha akahesabu vidole vyake.

Merle kagoma kunipa. Ati silaha ikishaingizwa dukani kuwa inauzwa, yeyote anayeitoa mlangoni sharti achunguzwe rekodi, hata awe ndiye mwenyewe. Nikamwambia bunduki ni yangu, cha kwake ni ukuta tu. Akasema hewala, lakini sheria ni ya nchi nzima, si ya ukuta. Halafu akatabasamu kama paka aliyelamba mtindi, akaongeza kwamba mtu aliyefungwa miaka saba haruhusiwi hata kuigusa bunduki.

"Sasa chagua, mzee mwenzangu. Kama ulifungwa, huipati. Kama hukufungwa, hii hapa, chukua uende zako."

Nyoka yule! Tumekua pamoja, tumeibiana mbwa, na bado ananifanyia hivi.

Hapa naweza kuandika, maana mwandiko wangu hausomeki na mtu mwingine. Sijawahi kulala jela hata usiku mmoja. Ujanani nilivuka mto kwenda Kanada, harusini kwa binamu, nikashikwa na matumbwitumbwi. Wiki sita nimelala kwa shangazi, shingo kama ya kiboko. Niliporudi watu wakauliza nilikuwa wapi. Ungesema matumbwitumbwi, wewe? Mbele ya wasichana? Nikasema jela. Wiki sita zikaumuka kama unga wenye hamira mpaka zikafika miaka saba. Walioweza kuhesabu wameshakufa wote.

Basi ninachokiogopa si kwamba serikali itakuta jambo. Itakuta hakuna!

Jumanne, Oktoba 25

Mjadala ukumbini. Kura imekaribia, na swali ni moja: je, tukiuziana bunduki wenyewe kwa wenyewe, mnunuzi achunguzwe rekodi kama anavyochunguzwa dukani? Mimi msemaji wa Hapana. Msemaji wa Ndiyo ni Delphine Cyr, mjane wa barabara ya kanisani. Huyu mama nimemmezea mate miaka ishirini. Miaka ishirini hajawahi kunifungulia mlango zaidi ya upana wa kiganja.

Nilianza vizuri mno. Nikasema hapa jirani anamjua jirani. Nikasema mhalifu hapangi foleni kuchunguzwa, atakayepanga foleni ni shemeji yako uliyemuuzia kakitu ka kuwindia bata. Nikasema ukaguzi wenyewe ni wa dukani, na duka likifungwa Jumapili, je, urafiki nao ufungwe? Wakapiga miguu sakafuni. Elwin Philbrick akapiga mluzi mpaka meno yakamtoka.

Akasimama Delphine. Sweta la buluu. Akasema yeye hana ugomvi na bunduki, marehemu mumewe alikuwa nazo nne. Ila mume aliyemvunja mkewe taya akienda dukani atakataliwa, kisha atatoka nje, na pale pale kwenye maegesho atauziwa na mtu asiyemuuliza hata jina. Akaendelea kwamba kila mmoja hudhani anamjua jirani. Kisha akaninyooshea kidole, mimi!

"Huyu hapa Bwana Pinkham. Kwa kinywa chake mwenyewe, miaka saba jela, na akatoroka. Nani kati yenu asingemuuzia bunduki kesho uani kwake? Ndiyo maana mimi nitapiga Ndiyo. Asante, Bwana Pinkham, kwa kuja."

Lo! Wakacheka mpaka wakakohoa. Watu wa upande wangu wakanivuta pembeni, wakanisihi nisimame niseme sikufungwa kamwe, ni hadithi tu. Thubutu! Hadithi tu! Ndiyo mali pekee niliyojichumia mwenyewe. Nikasimama nikasema ilikuwa miaka minane.

Jumatano, Oktoba 26

Mpango. Ikiwa Merle ananibania, nitanunua bunduki nyingine kwa jirani, mkono kwa mkono. Sheria yenyewe bado haijapita. Hakuna ukaguzi, hakuna maswali. Rahisi kama kumenya yai!

Nikaanza na Elwin, yule wa mluzi. Ana tatu nyuma ya kiti cha gari lake. Akakuna kichwa. Akatazama mawingu. Mwishowe akasema anapinga ukaguzi kwa moyo wake wote, ila kwa mfungwa mtoro, hapana, mkewe hatamwelewa. Nikamkumbusha: jirani anamjua jirani! Akasema ndiyo hivyo, ananijua.

Nikaenda kwa binamu yangu Norma, aliyebandika mabango sita ya Hapana, moja kwenye banda la kuku. Nikamweleza shida. Akasema damu ni damu na jela ni jela. Nikamkumbusha kwamba harusi ile ya Kanada ilikuwa ya kaka yake, na supu aliyeniletea kitandani ni yeye! Akasema alikuwa mtoto, hakumbuki vizuri, na tangu hapo amesikia mengi.

Nyumba tano nimezunguka. Wote watu wa Hapana. Wote wamenichunguza mlangoni kwao, na kote nimeanguka.

Viazi vya kuchemsha, peke yangu. Mbwa naye ananitazama kwa wasiwasi.

Alhamisi, Oktoba 27

Nimeamka na wazo la kifalme! Nikichunguzwa nikiwa mtupu kama yai, jina langu limekwisha. Lakini nikiwa na kosa moja dogo, la juzijuzi, dogo kiasi cha kutonyimwa bunduki lakini kubwa kiasi cha kusimuliwa, nimeokoka. Angalau Merle atapata cha kutikisia kichwa.

Kosa gani? Wizi wa bango! La Ndiyo, mbele ya nyumba ya Delphine, mchana kweupe. Nikasubiri gari la askari Bouchard lipite, maana huyo hupita hapo kila siku akienda kunywa kahawa. Likatokea kwenye kona. Nikalinyofoa bango, nikaliinua juu kama bendera, nikasubiri pingu.

Bouchard akafungua dirisha. Akasema upepo wa jana umeangusha mengi, na nimefanya jambo la kiungwana kusaidia upande wa pili. Akashuka. Akanishikia bango. Akalichomeka upya, akalikanyagia udongo na kiatu chake, akaniuliza limenyooka?

Nikamwambia ninaiba. Akacheka mpaka akashika kofia. "Babu Thurlow, wewe utaniua siku moja!" Akaenda zake.

Ukafunguka mlango. Upana wa viganja viwili! Delphine akanishukuru kwa kumnyooshea bango. Ana vishimo mashavuni akitabasamu. Miaka ishirini sikujua.

Ijumaa, Oktoba 28

Siku nyeusi. Niandike upesi kabla sijaanza kuikumbuka vingine.

Kesho ni kulungu. Baba alinifundisha kulenga kwa bunduki ile ile, akiwa amesimama nyuma yangu, mkono wake chini ya kiwiko changu. Msimu mmoja sijakosa tangu nimeota ndevu. Nikaona basi, jina si kitu, nitakwenda kuchunguzwa saa ya chakula cha mchana, duka likiwa tupu.

Duka lilikuwa limejaa kama kanisa siku ya Krismasi! Mji mzima umesahau risasi. Elwin yumo. Norma yumo. Delphine naye yumo, ananunua fulana ya wawindaji ya rangi ya chungwa, ile inayoonekana mbali, ya kumvalisha mbuzi wake asije akapigwa risasi na watu wa Boston.

Nikamnong'oneza Merle. Merle hasikii minong'ono, na akisikia hujibu kwa sauti. "AHAA, UMEKUJA KUCHUNGUZWA!" Duka zima likageuka. Nikatoa kitambulisho. Nikajaza ninachopaswa kujaza. Merle akapiga simu huko serikalini, na kwa kuwa masikio yake mabovu, akaweka sauti ya nje.

Mama wa kwenye simu akataja jina langu. Tukasikia vitufe vikigongwa. Kisha akasema: endelea.

Merle akauliza, endelea maana yake hakuna kitu? Mama akasema aendelee, amkabidhi mteja silaha yake.

Nikaikwapua simu. Nikamwambia, mama yangu, tafadhali, tazama vizuri. Pinkham. Tazama na Kanada. Tazama hata ulevi. Hata mbwa kutembea bila kamba! Akasema kwa upole mkubwa kwamba hana zaidi ya kuniambia, na ananitakia siku njema.

Mzee wa umri wangu! Serikali nzima, na makompyuta yake yote, haina neno moja baya la kusema juu yangu! Elwin akaanza kucheka polepole, kama gari linalowashwa kwenye baridi. Kisha wote. Merle akaitoa ile kadi ukutani, akanikabidhi kwa mikono miwili kama cheti cha ubatizo.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni na bunduki yangu nilipovutwa kwenye mkono wa koti. Delphine. Hakuwa anacheka. Akaniuliza kama ni kweli kabisa sijawahi kufungwa. Nikatazama viatu. Akasema kumbe. Akasema marehemu mama yake alimkataza mambo mawili tu, pombe kali na wanaume wa jela, na kwamba miaka yote hii alipokuwa akinibania mlango ilikuwa kwa sababu hiyo, maana vinginevyo mimi si mtu mbaya wa kutazama.

Si mtu mbaya wa kutazama!

Akasema niende Jumapili, tule.

Jumamosi, Oktoba 29

Ufunguzi. Nimekaa kwenye kisiki changu tangu alfajiri, bunduki ya baba magotini, nikimwaza Delphine. Nikasinzia. Nilipoamka kulungu dume alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, anakula tufaha nililokuwa nimejifungashia kwa chakula. Pembe kama kiti cha mfalme. Tukatazamana. Nikasahau kabisa nina bunduki. Akamaliza tufaha akaondoka.

Sijali. Nimenyoa. Nimepiga pasi shati.

Jumapili, Oktoba 30

Leo hakuna kuwinda, sheria hairuhusu Jumapili, ila mimi nimekwenda mawindoni! Mlango ukafunguliwa wote. Wote! Kitambaa mezani. Mchuzi mzito wa kuku, na chapati zake laini za ngano nyeusi, za kupaka siagi na kukunja. Nimekula tano. Pai ya tufaha inapoa dirishani. Mbuzi nje na fulana yake ya chungwa.

Delphine akasema anapenda mwanamume mtulivu. Nikasema mimi huyo. Akasema nyumba hii ina baridi kwa mtu mmoja. Nikasema yangu pia. Akaweka mkono wake juu ya wangu. Moyo ukaanza kucheza ngoma, umri huu!

Akasema, kwa sauti ya asali, "Na kumbe wewe huna hata doa, Thurlow. Mweupe kama shuka."

Hapo ndipo. Ningenyamaza ningekula pai. Lakini shuka! Mtu mzima, shuka! Nikasikia mdomo unafunguka wenyewe. Nikamwambia asidanganyike na serikali. Hawakunikuta kwa sababu nilifungwa kwa jina jingine. Gaston Lafleur. Miaka tisa. Nikamweleza kijiko nilichochimbia ukuta. Nikamweleza mbwa wa walinzi niliyemlainisha kwa soseji. Nilikuwa motomoto, nasimama, naonyesha kwa uma! Nilipofika pale binti wa mkuu wa jela anapolia dirishani kwa ajili yangu, nikaona mkono wangu umebaki peke yake mezani.

Akachukua sahani. Akaleta kofia yangu. Akasema ama nimeidanganya serikali, ama nadanganya mezani kwake, na kwa vyovyote vile anajuta kununua siagi nzuri.

Mlango ukarudi upana wa kiganja. Kisha wa kidole. Kisha mlango tu.

Pai haikukatwa.

Jumatatu, Oktoba 31

Nimelala nikifikiri sana, nimeamka na jibu. Kosa langu ni miaka tisa. Ningesema minne angeamini. Na binti wa mkuu wa jela ningemfanya mzee mzee hivi. Mwanamke ana wivu, hilo nililisahau.

Ila mjini habari ya Gaston Lafleur imeshavuma, maana Norma anaishi mkabala na Delphine. Leo kwenye kahawa Elwin kaniuliza, kwa heshima kabisa, kijiko kilikuwa cha bati au cha fedha. Watu wa Hapana wananipongeza: ona, ukaguzi hauna maana, haukumnasa Gaston! Watu wa Ndiyo nao wanasema ona, wapo akina Gaston, ukaguzi uongezwe! Pande zote mbili zinanitaja. Sijawahi kuwa na furaha hivi!

Nimemwandikia Merle kadi mpya, kubwa kuliko ya kwanza: INAUZWA. BUNDUKI YA GASTON LAFLEUR, ASIYEJULIKANA NA SERIKALI. Nimempelekea pamoja na bunduki mchana huu huu. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia haraka bwana, ining'inize kabla watalii hawajaisha. Akaiingiza dukani, akaipachika ukutani, huku anatikisa kichwa na mabega yanamtetema kwa kicheko.

Sijui anacheka nini. Msimu bado mbichi, kulungu wangu yule anajua nakaa wapi, na Jumamosi asubuhi nitapita tu kuichukua.