Mawaridi Yasiyopiga Hodi

Alhamisi, 2 Mei
Laptopu imefika. Nyembamba, ya kijivu. Nimeiweka mezani penye dirisha nikaitazama mpaka alasiri bila kuiwasha. Kitu kama hiki hakitaki haraka. Nimejiona nina ofisi Shangani, feni inazunguka taratibu, na Khairiya wa nyumba ya pili anapita chini na kuinua macho. Mama akaingia, akauliza inafanya nini hasa. Nikasema kila kitu. Akasema basi ianze na vyombo.

Jumamosi, 4 Mei
Kazi imepatikana! Dada yangu Radhiya anaolewa Jumapili ijayo. Desturi ni Bi Sichana wa mtaani kwetu apite nyumba hadi nyumba kualika wanawake, na miguu yake ile mibovu. Nimemwambia mama asimsumbue. Nimetengeneza kadi: mawaridi yanaanguka polepole, jina la Radhiya linachomoza katikati. Nimewatumia watu mia mbili kwa mara moja. Kisha nikabaki nayatazama mawaridi. Chai ikapoa.

Jumatano, 8 Mei
Majibu yanamiminika. Madole gumba, nyoyo nyekundu. Bi Sichana amekaa barazani kwake, hanitazami. Husuda tu.

Ijumaa, 10 Mei
Balaa. Nimekutana na Bi Ummkulthum, mama yake Khairiya, sokoni Darajani. Nikamwamkia, marahaba yake haikuwa na sukari. Nikauliza kama tutamwona Jumapili. "Mie sikualikwa, mwanangu," akasema. "Nimeonyeshwa." Hakuna aliyempigia hodi wala kuketi naye, na harusi asiyoalikwa haendi. Mama ameulizia kwengine. Wote wanasema hivyo hivyo. Pilau ya watu mia mbili, na mlaji hakuna. Radhiya analia chumbani, namsikia mpaka hapa. Nimeona haya kweli.

Jumamosi, 11 Mei
Mama amekwenda kumwangukia Bi Sichana. Amekubali, kwa sharti nimshikie mwavuli. Malindi, Mkunazini, mpaka Bububu. Kila mlango hodi, kila mlango kahawa, kila mtoto aulizwe hali kwa jina lake. Mimi nangoja nje. Akitoka na jasho, nampepea kwa laptopu. Kwa Bi Ummkulthum alifungua Khairiya, akacheka kidogo. Mwavuli ukanitoka mkononi. Sijui tulirudi kwa njia gani.

Jumapili, 12 Mei
Wamekuja wote! Nyumba haipitiki. Radhiya anang'ara, na mimi nimefurahi mpaka machozi. Jikoni wamelifunika bakuli la achari kwa laptopu, nzi wasiingie. Inafaa sana.

Jumatatu, 13 Mei
Kimya. Mama na Bi Sichana wamelala, miguu imewavimba. Nikawaza. Nataka kumposa Khairiya, na posa inataka wazee waende, wakae, wazungushe maneno nusu siku. Wazee hawa hawa waliochoka! Nimeifuta laptopu achari. Mawaridi ni yale yale, nimebadilisha jina tu. Nimemtumia Bi Ummkulthum kadi.
Ameshaifungua. Nimekaa dirishani, nangoja.