Kiti cha Baba na Gundi Isiyokauka

Jumatatu, 2 Juni
Mwaka wa thelathini na nne tangu tuondoke nyumbani. Dada yangu mkubwa na mumewe wanarudi huko Jumamosi, kuishi moja kwa moja, na kiti cha marehemu Baba kinarudi nao. Ndicho kitu pekee tulichotoka nacho, kimefungwa juu ya lori. Dada amekikalia miaka yote kwa haki ya ukubwa. Leo nimejitolea kukikarabati kabla ya safari. Ameshukuru, maskini! Hajui kwamba Jumamosi ikifika, gundi itakuwa haijakauka. Gundi yangu haitakauka kamwe, na kiti kitabaki kwangu.

Jumanne, 3 Juni
Nimekisafisha kwa kitambaa chenye unyevu, kisha nta kidogo. Weusi wa kwenye mikono ya kiti nimeuacha. Ule ni jasho la viganja vya Baba. Shemeji kaja na msasa na kopo la vanishi. Anataka king'ae kama kipara chake. Nikamhutubia: uzee wa mti si uchafu, ukiukwangua unabaki na mbao tu. Akasema kwao uchafu ni uchafu. Akaanza kuutafuta msasa wake. Nilikuwa nimeukalia. Suruali imeumia, heshima imebaki.

Jumatano, 4 Juni
Nimekifungua chote. Nani atapakia kiti kisicho kiti? Mguu wa nyuma wa kushoto ni mfupi. Ndiyo maana kimeyumba katika kila nyumba tuliyohamia, na Dada akawa anaweka boksi lililokunjwa chini yake. Nimeuongezea kipande cha mbao, nikakipaka chai ya rangi kifanane. Kazi safi! Bila miwani hata mimi sikioni.

Alhamisi, 5 Juni
Dada kaingia bila hodi. Nikamwonyesha vipande sakafuni, uso wa msiba. Gundi haijakauka, nikasema. Wala hakuhamaki. Akasema basi vitaingia guniani, mumewe ataviunganisha hukohuko. Vanishi yake ameshaipakia.
Vanishi! Juu ya viganja vya Baba!
Nikajisikia nikiahidi kwamba kesho asubuhi kiti kitakuwa tayari. Mdomo huu!

Ijumaa, 6 Juni
Kimesimama. Gundi imekauka kwa wakati, msaliti mkubwa. Dada akakikalia mbele ya mumewe. Hakikuyumba. Nikasubiri sifa.
Akainama, akapapasa mguu, akauliza nani kauongeza. Akanitazama vile ninavyomtazama shemeji.
Kumbe Baba aliukata mwenyewe, mwaka niliokuwa bwenini. Baraza letu la kule nyumbani lina jiwe la msingi lililochomoza karibu na mlango. Jiwe nalikumbuka, nimejikwaa hapo utoto mzima. Baba alipenda kukaa palepale, aone njia. Fundi mmoja alimshauri asogee kidogo. Akachukua msumeno, akaukata mguu, ukakaa juu ya jiwe. Hakusogea.
Na mimi nikadhani mguu ulilika safarini.
Shemeji akacheka mpaka akakohoa. Akauliza: ikiwa uzee wa mti si uchafu, ufupi wake je? Nikachukua msumeno wangu, nikakiondoa kipande. Kiti kikayumba kama zamani. Dada akafuta machoni, akasema sasa ndicho.

Jumamosi, 7 Juni
Wameondoka. Kiti juu ya lori, kwa kamba tena, kikielekea kilikotoka. Dada akaniambia, "Mdogo wangu, mbele kuna nafasi ya mtu mmoja." Nikasema nina kazi: kabati lake la vyombo, alilonikabidhi nilitengeneze, nilitume baadaye. Akanishika shavu kama mtoto. Shemeji akaniachia msasa kwa kumbukumbu. Jeuri!
Kile kipande cha mguu kiko mezani. Bado kinanukia chai.

Alhamisi, 12 Juni
Dada kapiga simu. Kiti kiko palepale, mguu juu ya jiwe, hakitikisiki hata kidogo. Shemeji hajakigusa, nimeuliza, nikauliza tena. Kisha akataka kujua kabati linafika lini, na mwenye kulitengeneza je.
Kabati nimelifungua lote. Mlango mmoja umepinda. Sikuuliza kwa nini. Nimeshachonga kipande cha kuunyoosha, nimeshakipaka chai.
Nikamwambia gundi haijakauka.
Sitarudi.