Mwenyekiti wa Programu Isiyotaka Kufa

Jumatatu, 3 Machi

Vita vimeanza. Meneja mpya wa idara ya maji kaitisha mkutano asubuhi na kutangaza kwamba programu yangu inastaafishwa. Programu yangu! Ndiyo inayofungua na kufunga valvu za mji mzima, mtaa kwa mtaa, tangu enzi ambazo yeye alikuwa bado anavaa sare za shule ya msingi. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, hakuna mbwembwe. Meneja anasema inatisha.

Nikasimama kuitetea. Nikasema mtu haziki kitu kinachopumua. Mama yule akaniuliza swali moja tu: siku nikiugua, nani atakaa kwenye kiti changu? Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi siugui. Hapo hapo nikapiga chafya. Watu wa uhasibu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kanipa hadi Ijumaa nimwonyeshe wataalamu wengine wa lugha iliyotumika kuiandika programu hii. Rahisi! Mimi ndiye mwenyekiti wa chama chao.

Jumanne, 4 Machi

Si rahisi. Chama kina mimi. Kina mzee mmoja mstaafu, ambaye siku hizi kwenye jukwaa letu la mtandaoni hutuma picha za nyanya zake tu. Na kina katibu, Kipara, niliyeanza naye kazi meza moja. Basi.

Nimempigia Kipara. Akaguna, akakohoa, kisha akatoboa: kampuni inayoleta mfumo mpya ni yake. Msaliti! Nikamwambia amevuliwa ukatibu. Akasema alishajiuzulu mwaka juzi, ila barua yake haijajibiwa. Nimeitafuta, nimeipata. Sitaijibu.

Jioni nimemwomba mke wangu ajiunge na chama. Akasema ameishi na programu hiyo kama mke mwenza miaka yote hii, sasa nataka aitandikie na kitanda?

Jumatano, 5 Machi

Mbinu imepatikana! Nimefungua akaunti kadhaa jukwaani. Fundi Chipukizi anauliza maswali. Binti Makini anayajibu. Mwanagenzi anashukuru. Kufikia saa sita mchana jukwaa limechangamka kama soko. Mzee wa nyanya kaandika kwamba ametokwa na machozi, hakutegemea kuiona siku hii. Nikajisikia vibaya. Kidogo.

Kisha, ili mjadala uonekane wa kweli, Fundi Chipukizi akasema njia yangu ya kupanga zamu za maji imepitwa na wakati. Ilinichoma! Nikamjibu. Akanijibu. Kijana hana adabu. Mwishowe nikamfukuza chamani.

Meneja kalipitia jukwaa, kaniita ofisini. Alitaka kujua mambo mawili: kwa nini mwenyekiti anafukuza vijana, na kwa nini wanachama wote wanaandika "samahini" kama mimi. Nikatazama feni. Akasema basi, mfumo mpya unajaribiwa kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Mpango ulikuwa mzuri, hilo sitalikana.

Mfumo mpya ukawashwa mbele ya watu. Rangi kama keki ya harusi. Programu yangu ikaachwa inafanya kazi chinichini, eti kwa usalama. Yaani mwenzake apigwe picha, yeye abebe mzigo! Nikaizima. Nilitaka tu waonje mji bila yeye, muda wa chai, basi.

Valvu zote zikajifunga. Skrini ya mfumo mpya ikaonyesha kila kitu shwari. Watu wakapiga makofi. Simu yangu ikaita. Shemeji, mdogo wake mke wangu, mkunga wa hospitali ya mji.

"Shemeji, mabomba yamekauka huku! Nina akina mama wawili wanajifungua, na tangi la akiba limebaki matope. Fanya kitu!"

Nikaiwasha programu. Ikawaka. Mitaa yote ikapata maji, isipokuwa hospitali. Nikajaribu tena. Wapi! Sehemu hiyo sikuiandika mimi, aliiandika Kipara, na sijawahi kuichungulia kwa sababu haijawahi kuharibika. Nikamfuata Kipara, aliyekuwa anapokea pongezi, nikamnong'oneza: "Kaka, hospitali haina maji."

Akavua koti, akavuta kiti kando yangu. Tukashuka mstari kwa mstari mpaka tukakuta maelezo aliyoyaacha mwenyewe, enzi akiwa na nywele: "Valvu ya hospitali ina kiburi. Programu huifungua nusu, huifunga, ndipo huifungua yote. Ikizimwa, jaza kwanza bomba kutoka tangi la juu, tena kwa mkono, la sivyo haisogei."

Akayasoma mara mbili. Akasema kwenye mfumo wake mpya hakuyaweka haya. Aliyasahau kabisa. "Tungeitupa hii kesho," akasema, "wodi ingekauka na mimi ningeapa kila kitu ni shwari."

Tukafungua tangi la juu kwa mkono, bomba likajaa, tukairudia programu. Tukangoja. Hatukutazamana. Shemeji akapiga: mabomba yamekoroma, yametema hewa, sasa yanatoa maji. Baadaye akapiga tena: watoto wote wawili wamefika salama. Kipara akajifuta uso kwa tai. Mimi nikaenda chooni kulia.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Pamoja na barua ya onyo. Kumbe mashine huandika nani kazima nini. Nilipaswa kukumbuka, kwa kuwa ni mimi niliyeifundisha.

Meneja kaamua: programu inabaki. Mfumo mpya utachora picha, kazi itafanywa na yangu. Akasema humo ndani mna kila kosa ambalo mtu alishalikuta na kulirekebisha, na kuitupa ni kuanza kuyakosea upya. Ndiyo niliyoyasema Jumatatu! Ila mimi nilipiga kelele.

Sharti lake: mimi na Kipara tufundishe watumishi wengine, tena tuandike kila kitu. Kipara kakubali, karudi hata kwenye ukatibu. Aliponisindikiza mlangoni akaniambia kilichokuwa kinaua chama si uzee wa programu, ni mwenyekiti. Tukacheka. Baadaye nikagundua nilicheka peke yangu.

Jumapili, 9 Machi

Ajabu! Fundi bomba, dada wa mapokezi na dereva wa boza, lile lori la maji, wameomba kusoma, na wote wanataka kujiunga na chama. Wenyewe, bila kushikiwa fimbo! Mzee wa nyanya kajitolea kufundisha kwa simu. Mke wangu anasema niwapokee haraka kabla hawajabadili mawazo.

Kupokea ovyo ovyo? Chama kina hadhi yake! Nimeshinda kutwa nzima nikitunga mtihani wa kujiunga. Maswali magumu, majibu ya kuandika kwa mkono, bila kompyuta. Atakayekosa swali moja, aje mwakani. Kipara kapiga simu kunisihi niuchane. Wivu.

Baada ya chakula nimeufanya mwenyewe, kuupima tu. Nimefeli vibaya. Mtihani safi kabisa! Bahati nzuri, katiba niliyoiandika jioni hii inasema wazi kwamba mwenyekiti hafanyi mtihani.