Pikap Inayovuta Kuume

Siku ya tatu, 8 oktoba 1975

Leo nimesema uongo. Ulianza mudogo, kwa kweli. Papa Habarurema alifika depo ya kahawa, mimi karani nikamupimia gunia zake, akaanza kulalamika: pikap yake inavuta kuume kila akikanyaga gazi. Nikamuambia alete, mimi ni fundi, nilijifunza Bukavu. Bukavu nilimushikia fundi mumoja taa, magaribi moja. Lakini niliishika vizuri.

Sababu ni Léocadie, binti yake. Kwa bilo ya serikali anaitwa citoyenne Mukamugema, juu serikali imekataza majina ya ubatizo. Ndani ya kaye hii ninamoandika ni Léocadie. Serikali haisomi kaye yangu.

Papa anajua ninamutaka, akaniangalia kutoka viatu mpaka nywele. Akasema: kama siku ya Mungu pikap inaenda sawasawa, wazee wangu waje na pombe kumuomba Léocadie. Kama haiendi, kuna Cirimwami, fundi wa garaje kule Ndosho, naye amekwisha kuulizia.

Cirimwami! Mutu ambaye kucha zake hazijaonana na sabuni tangu uhuru.

Siku ya ine, 9 oktoba

Nimechunguza. Nimefungua kifuniko cha mbele na kuangalia ndani muda murefu, na uso wa mutu anayejua. Kuna vitu vingi mule.

Mpango wa kwanza: mipira ya magurudumu. Nikahamisha ya kuume kushoto, ya kushoto kuume. Inavuta kuume. Mpango wa pili: uzito. Nikapanga mawe ya volkano nyuma, upande wa kushoto, mpaka mugongo ukakataa. Inavuta kuume, na sasa mugongo wangu nao unavuta.

Léocadie akaniletea viazi na maharagi. Akasema yeye hupanda nyuma kila siku, na ameona kwamba mutu akiachia gazi, pikap inarudi kidogo kushoto. Akauliza kama hiyo haisemi kitu. Nikamujibu kwa upole kwamba haisemi kitu. Akachukua sahani yake. Nilikuwa sijamaliza.

Jioni nikateremuka Ndosho. Nikamuambia Cirimwami kwamba rafiki ya rafiki yangu ana motokari inayovuta. Akasema rafiki ya rafiki yangu alale chini aangalie uvunguni. Kisha akauliza kama rafiki ya rafiki yangu naye anapima kahawa. Mutu bila adabu. Sikulala chini. Nilikuwa na shati nyeupe.

Siku ya posho, 11 oktoba

Salongo, kazi ya lazima ya serikali. Mutaa muzima tumetolewa kukwangua matope kwenye barabara ya Keshero. Nilikuwa nimeegemea beleshi, nawaza maisha, nikaona maji: yote yanakimbilia ziwani. Yote! Barabara imeinama.

Akili yangu ikawaka. Ukienda Keshero, ziwa liko kushoto. Barabara inavuta kushoto, pikap inavuta kuume. Wagomvi wawili wenye nguvu sawa, hakuna anayeshinda. Kwa nini nitengeneze pikap wakati barabara imekwisha kuitengeneza?

Mchana nikaijaribu. Sawasawa kabisa, hata mukono mumoja nilitoa kwenye usukani. Esansi ikaisha Keshero, watu wa salongo wakanisukuma mpaka nyumbani. Wengine walitukana. Nimesamehe wote. Nimemutumia mujomba habari aanze kutafuta pombe ya ndizi.

Siku ya Mungu, 12 oktoba

Ni aibu, lakini nitaandika.

Baada ya misa nikaendesha mimi, Papa Habarurema pembeni yangu, Léocadie nyuma na kikapo cha mboga, kabeji za shu. Papa amejaza esansi. Tukaenda sawasawa. Papa akacheka, akanipiga begani, akaniita mukwe. Mukwe! Nilitaka kulia.

Kufika Keshero akasema inatosha, turudi.

Turudi. Hapo ndipo nilikumbuka kwamba barabara ina kurudi. Tukigeuka, ziwa linakuwa kuume. Barabara inavuta kuume, na pikap inavuta kuume.

Nikamuambia moteri haijapata joto, jaribio la kweli linataka mbali. Nikaendelea. Akasema tena turudi. Nikasema bado. Kijiji kikapita, kingine kikapita, nikafika Sake. Sake! Papa akafikiri ni bidii. Akaninunulia chupa ya bia, akaeleza watu wa pale kwamba huyu kijana hafanyi kazi nusu.

Kisha akasema sasa turudi kweli. Nikamushauri pikap ilale Sake, ipumuzike. Akakataa. Nikamushauri turudi kinyumenyume. Akachukua ufunguo, akakaa kwenye usukani mwenyewe, na Papa Habarurema anakanyaga gazi kama mutu anayeua nyoka.

Tuliingia maharagi ya mama mumoja. Mistari sita. Mama akaja na jembe, hakuwa na haraka.

Léocadie akashuka, akalala uvunguni na nguo yake ya misa. Akasema bulon, zile skurubu kubwa zinazoshika ekseli ya nyuma, upande wa kuume zimelegea. Gazi ikikanyagwa, gurudumu lile linasogea mbele. Akaomba ufunguo wa bulon, akakaza, akajipanguza. Tukarudi Goma sawasawa. Mimi nilikaa nyuma na shu.

Papa alisema neno moja tu njiani, lakini alilipiga kelele ili nisikie: njia ya muongo ni fupi, ila huyu ameifikisha Sake.

Hukumu: nifanye miezi sita kwa Cirimwami, nijifunze. Baadaye wazee wangu wataweza kuja. Léocadie amesema atangoja, juu namuchekesha, lakini anataka mume anayejua kusema sijui. Moyo umeniuma. Nimeapa mbele ya musalaba kwamba sitasema uongo tena.

Siku ya pili, 14 oktoba

Nimeomba ruhusa depo, nimeanza garaje. Cirimwami amenipa ufagio, akaenda sokoni kutafuta mafuta.

Alipotoka tu, akaingia muzee mumoja na motokari yake, jipu ya kutoka Masisi. Frein zinapiga kelele kila akitaka kusimama. Akauliza kama ninajua frein. Nikamuambia garaje ni yangu.

Akakaa juu ya dumu, tukaongea vizuri. Anaitwa muzee Ntirenganya, ndugu mukubwa wa Papa Habarurema, tumbo moja. Ameitwa Goma kumuchunguza kijana anayetaka binti yao, juu inasemekana ni muongo, na neno la mwisho ni lake. Nikamuambia achunguze sana, vijana wa leo hawaaminiki. Akasema amefurahi kukutana na mutu wa kweli.

Bahati gani hii! Atafika kwa ndugu yake na sifa zangu mudomoni. Nimefungua frein zote na kuzifunga tena, kwa moyo wote. Saa kumi akapanda, akaniaga, akashika njia ya muteremuko.

Zimebaki bulon tatu juu ya meza. Naona kule fabriki walizidisha.