Boti ya Watu Wawili

Jumamosi, 2 Agosti

Frida ameniuliza swali. Tulikuwa uani tunachambua maharage, mimi na yeye, pamoja na mama yangu, wapwa zangu watatu na mpangaji wa chumba cha nje. Akasema taratibu, bila kuinua macho kwenye ungo, "Niko, mara ya mwisho tumekaa sisi wawili tu ilikuwa lini?"

Nimelitafuta jibu jioni nzima. Nimerudi nyuma mwaka mmoja, mitano, kumi. Nimefika hadi siku ya harusi, na hata siku hiyo kulikuwa na watu! Aibu imenishika. Mwanamke ananisemesha habari za maji na gesi tu, miaka inakwenda, na mimi nilidhani ndiyo ndoa yenyewe. Na wala hakuomba kitu. Hilo limeniuma kuliko kama angegomba.

Basi nimeamua. Nampeleka matembezi ya boti! Nimeona kwenye runinga, mke na mume wamekaa mbele ya chombo, wanakula matunda, wanatazama maji. Thobias, jirani yetu hapa Rusimbi, alimpeleka Catherine wake Dar kwa ndege mwezi wa tano, na mpaka leo begi lake la sokoni lina kile kikaratasi cha uwanja wa ndege. Ndege! Watu wamebanana humo, huwajui, hawakujui. Sisi tutakuwa wawili. Nikodemu na Frida, basi.

Jumapili, 3 Agosti

Kutoka kanisani moja kwa moja hadi Katonga, ufukwe wa wavuvi. Mtu asiyelijua ziwa angeanza kuulizia boti za watalii. Mimi nina akili. Wiki hii inaingia mbalamwezi. Mwezi ukishajaa, dagaa hawafuati tena taa za wavuvi, kwa hiyo boti zinapumzika na watu wanashona nyavu. Na dagaa wasipovuliwa, wanunuzi wa dagaa nao hawana kazi. Nani ananunua na kuanika dagaa pale Katonga? Frida! Boti ina nafasi na mke ana nafasi, wiki ileile. Nilijipongeza mpaka nikajikuta nacheka peke yangu, mama mmoja akamvuta mtoto wake pembeni.

Marselino amekubali kunipa boti yake na kuiendesha mwenyewe. Malipo yake, nitamvalisha makochi yake upya. Tunakwenda Mtanga, kijiji cha ufukweni kaskazini kwetu, Jumamosi asubuhi, tunarudi Jumapili. Mama Dunia ana vyumba viwili vya wageni kule, vinatazama maji. Nimechagua Mtanga kwa sababu ya utulivu. Nani ana shida ya kwenda Mtanga?

Nataka kumshtukiza Frida, kwa hiyo ni siri nzito. Nimemwambia mtu mmoja tu, Alphonce kinyozi, maana aliniuliza nina mpango gani wa Nane Nane, na wembe ulikuwa shingoni kwangu. Ameapa.

Jumanne, 5 Agosti

Sofa! Limenijia nikiwa nakunywa uji. Mimi ni fundi makochi, sasa mke wangu akae juu ya ubao wa boti kama gunia la mihogo? Karakana kuna sofa la watu wawili, velveti nyekundu, vifungo mgongoni, miguu ya mninga. Sijawahi kushona kitu kizuri vile. Ni la Thobias. Anakuja kulichukua wiki ijayo. Litakwenda Mtanga, litarudi, nitalipiga brashi, hakuna atakayejua.

Kutwa nimesugua boti ya Marselino. Harufu ya dagaa haitoki. Nimetumia sabuni ya unga, nimetumia ndimu, mwisho nikamwaga ile dawa ya kulainishia nguo, yenye picha ya maua. Sasa inanukia kama dagaa waliokwenda harusini. Wavuvi wamecheka wameshika mbavu. Marselino hakucheka. Amesema giza likirudi, dagaa wakiikimbia boti yake, anapajua ninapokaa.

Jioni Thobias ameniita kwenye ukuta. Akaanza tena habari za ndege. Nikavumilia mawingu. Nikavumilia kiti cha dirishani. Alipofika pale Catherine alipoletewa juisi na msichana mwenye skafu, nikashindwa. Nikamwambia Jumamosi mimi na mke wangu tunakwenda Mtanga kwa boti, wawili tu, juu ya sofa. Sofa lipi, sikusema. Mimi si mjinga.

Kwa hiyo wanaojua ni wawili. Hiyo bado ni siri.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa.

Shemeji Yunisi, mdogo wake Frida, amekuja na godoro. Amesikia kuna boti ya kwenda Mtanga, ana rafiki yake kule analala chini. Godoro haliongei, amesema, halitawasumbua. Baada yake Martini, mwalimu wa kwaya; kwaya yake imealikwa huko na haina usafiri. Baada yake kina mama wawili wenye madumu matupu ya mawese. Wote wamesema nauli za boti za abiria za Kibirizi zimepanda, na boti ya ndugu haina nauli. Tena hapa kwetu ziwani ni aibu kuondoka na boti tupu ukamwacha mtu ufukweni na mzigo wake. Leo ni yeye, kesho ni wewe.

Nimewakatalia wote. Yaani nimewaambia tutaona. Wakashukuru wakaondoka.

Frida amerudi kutoka Katonga na dagaa wake wa mwisho, uso umejaa maswali. Wanawake wenzake walikuwa wanamtakia safari njema kutwa nzima. Ikabidi nimwambie. Alisimama hapohapo mlangoni, beseni kichwani. Akatabasamu. Sijui ni lini nilimwona mke wangu akitabasamu vile. Akauliza, "Sisi wawili?"

Nikamwambia sisi wawili. Na itakuwa hivyo, hata ikibidi niogelee nikiivuta hiyo boti kwa meno.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mama mkwe amepiga simu kutoka Ujiji. Mimi simu ya mkwe naipokea nimesimama, kofia nimeivua. Amenisalimia kwa Kiha, "mwakeye", kwa upole mkubwa, na upole wake mimi huniogopesha. Akasema amesikia tunakwenda Mtanga. Akasema dada yake anakaa Mtanga. Hakuomba. Alisema tu kwamba anamshukuru Mungu kumpa mkwe mwenye boti.

Sasa hapo mtu anasemaje? Nikasema karibu, mama.

Lakini sijashindwa! Mama mkwe ni mtu mmoja, anasinzia safari nzima, hahesabiki. Hao wengine nimewatega. Wote wanajua tunaondoka saa mbili. Sisi tutaondoka saa kumi na moja alfajiri! Wakifika watakuta maji na kunguru. Saa ya kweli nimemwambia Marselino, na mama mkwe, kwa sababu mkwe hadanganywi.

Frida amepiga pasi gauni la bluu. Amelitundika mlangoni, anapita analigusa.

Jumamosi, 9 Agosti. Mtanga

Tumefika ufukweni Katonga kabla ya mapambazuko. Watu walikuwa wameshajaa botini. Kwaya, madumu, kuku, godoro, Alphonce kinyozi na viti vyake, mbuzi ambaye mwenyewe hakujulikana. Mama mkwe ndiye aliyepiga simu kuwaamsha, mmoja mmoja, kwa huruma, wasije wakaachwa.

Frida aliwatazama. Akanitazama. Akakunja gauni lake la bluu akapanda.

Bado nilikuwa na tumaini moja. Sofa. Lilikuwa pale katikati nilipolipakia jana usiku, jekundu, linang'aa, na kwa heshima hakuna aliyeligusa. Nikampa Frida mkono tukakae. Mama mkwe akasema lo, mwanangu, umeniwekea na kiti. Akakaa. Akamvuta Frida akae pembeni yake.

Imekwisha. Kwetu mwanamume hakai kiti kimoja na mama mkwe wake, wala hamkazii macho. Kwa hiyo siku niliyopanga kukaa bega kwa bega na mke wangu, nimekaa ncha ya mbele kabisa, uso nimeuelekeza Kongo, ng'ambo ya ziwa, nimeshika kamba ya mbuzi. Upepo wa kusini ulitusukuma mgongoni, mawimbi yananilowesha mimi na mbuzi tu. Kwaya iliimba njia nzima. Kuna mahali nilimsikia Frida akicheka. Sikuweza kugeuka kuona kilichomchekesha. Nilitaka sana kujua.

Mtanga. Mama Dunia ana vyumba viwili, kama nilivyosema. Kimoja wanawake, kimoja wanaume. Nimepangwa katikati ya Martini na Marselino.

Na sofa! Tulipotia nanga mama mkwe aliwaita vijana walibebe hadi kwa dada yake. Akanishukuru mbele ya ufuko mzima kwa kiti nilichoishonea familia. Wanawake wakapiga vigelegele. Ningesema nini, kwamba ni la Thobias? Nimetabasamu mpaka mashavu yameuma. Sofa limepanda kilima juu ya vichwa vya watu na sijaliona tena.

Jumapili, 10 Agosti

Frida alinigongea dirisha mapema, watu bado wamelala. Tukashuka ufukweni na kipande cha muhogo na samaki wa jana, mgebuka. Tukakaa mchangani. Gauni la bluu lilikuwa na alama ya kwato. Nikaanza kumweleza kosa lilikuwa wapi, na jinsi nitakavyopanga safari nyingine, boti mbili, moja ya kuwadanganyia watu. Akaniwekea mkono mdomoni.

"Ndiyo hii, Niko. Si boti, si sofa. Mimi na wewe, na wewe umenyamaza."

Nikanyamaza. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Frida ana mvi juu ya sikio la kushoto. Sikuwa nimeziona. Nilijisikia vibaya, halafu nikajisikia vizuri, nikakohoa, nikasingizia mwiba wa mgebuka. Akaniegemea begani. Nadhani nilikuwa na furaha.

Halafu Yunisi akatuona kutoka juu, akapiga kelele kuwaambia wenzake tuko huku, wakashuka wote na birika la chai.

Kurudi: watu walewale, wengine saba wapya, na madumu yamejaa mawese. Mbuzi pia amerudi.

Jumatano, 13 Agosti

Thobias amekuja kuchukua sofa lake. Nimemwambia velveti ikishashonwa lazima ipumzishwe. Ameondoka anatikisa kichwa kama mtu anayeijua velveti. Nashona lingine haraka.

Lakini hiyo si habari. Habari ni kwamba Frida amepanga safari yeye mwenyewe! Recho, mwenzake wa kuanika dagaa, ana nyumba ndogo ufukweni, mbele ya Katonga, na mbalamwezi ijayo anakwenda Kasulu kwa kaka yake. Ufunguo Frida anao tayari, kaufunga kwenye pindo la khanga. Siku mbili, sisi wawili, hakuna boti, hakuna kwaya. Akanishika kidevu kama mtoto ili nimtazame.

"Usimwambie mtu. Ukimwambia hata mmoja, nitakwenda peke yangu, na usinitarajie kurudi upesi."

Hakuwa anatania. Nilimwona machoni, na niliogopa. Nimeapa kwa jina la mama yangu, na mama alikuwa chumba cha pili, kwa hiyo nikaapa kwa kunong'ona.

Na nimetimiza! Mimi ni mtu mpya. Alphonce ameniuliza habari za safari, nikafumba macho nikajifanya nimelala kwenye kiti chake. Mama mkwe amepiga simu, nikakohoa mpaka akaniombea. Thobias ameniita ukutani kunieleza kwamba Desemba Catherine atapanda ndege tena, safari hii ya asubuhi. Ulimi wangu ulikuwa unawasha. Nikaung'ata! Nikamwambia usiku mwema, nikaingia ndani. Mdomo wangu haujafunguka kwa mtu yeyote.

Nimeweka status tu. Picha ya ziwa, mioyo miwili, na maneno machache: mimi na wangu, wawili tu, mbalamwezi ijayo, nyumba ya Recho, ile yenye mlango wa kijani ukipita mnada wa samaki. Nimetaja nyumba ili picha ieleweke. Kuandika si kusema, tena status yenyewe inajifuta kesho, haiachi hata alama. Thobias ameshaiangalia, safi sana. Martini ameweka alama ya ngoma. Yunisi anauliza kama jiko lipo au aje na lake.

Wa mwisho kuiangalia ni Frida. Hajaandika kitu. Nadhani amefurahi.