Swali Langu kwa Maharusi

Jumatatu, 9 Juni

Nimerejea mjini kwetu Nola na shahada ya falsafa kutoka Chuo Kikuu cha Bologna, tena ya alama za juu kabisa. Hakuna aliyeniuliza habari zake. Mji mzima unazungumzia harusi ya binamu yangu Sabatino, itakayoonyeshwa katika kipindi cha televisheni ambamo mabibi harusi wanne huhudhuria sherehe za wenzao na kuzitolea alama. Mimi na Sabatino tulilala chumba kimoja utotoni, nyumbani kwa mama yake, shangazi Assuntina. Sikuwa na rafiki mwingine. Wala sasa sina. Hajaja kunisalimu.

Nikaenda mwenyewe, nikajitolea kuhutubia karamu juu ya ndoa tangu enzi za Warumi. Akaniambia, “Profesa, ukianzia huko kwa Warumi, keki itaota ukungu hujatufikia sisi.” Hakusema hapana. Nimeanza kuandika.

Jumatano, 11 Juni

Hotuba imefutwa. Nafasi yake wamepewa njiwa hamsini.

Nilimweleza bibi harusi, Immacolata, kwa upole kabisa, kwamba njiwa, farasi weupe na mnara wa shampeni ni kilio cha watu wanaowaogopa majirani. Akaniuliza kama kuna nyumba iliyowahi kunialika mara ya pili. Kejeli tupu, isiyo na hoja ndani yake. Nimeitafakari mpaka jioni.

Jumamosi, 14 Juni

Harusini nimepangiwa meza ya wanamuziki, kando ya mlango wa jikoni. Watu wasikivu, lakini kila nilipokaribia kiini cha hoja waliinuka kwenda kupiga. Kamba wa kukaanga walipoletwa, nilikuwa nimebaki na sanduku tupu la kodiani. Nilimtazama Sabatino kule meza kuu. Alikuwa akicheka na watu nisiowajua.

Ndipo ukaja mchezo wa viatu. Maharusi huketi wakipeana migongo, kila mmoja ameshika kiatu chake na cha mwenzake. Huulizwa nani anakoroma, nani mbahili. Nao huinua kiatu cha anayehusika. Mshereheshaji akawaruhusu wageni waulize. Mpango ukanijia mzima mzima: taifa lote lishuhudie nani aliye karibu na bwana harusi kuliko wote. Nikakitwaa kipaza sauti. Nikauliza ni nani kati yao aliyeshikilia kwamba Gaudenzio, yaani mimi, lazima awepo leo.

Nilitarajia kile kiatu cheusi cha Sabatino kipandishwe juu. Nilikuwa nimekwisha kuinama kidogo, kwa shukrani.

Hakikupanda. Wala cheupe hakikupanda. Kwa kuwa walipeana migongo, kila mmoja alimwachia mwenzake ajibu. Kamera ikanisogelea. Mwanamuziki mmoja akanong’ona, “Kaka, rudisha hicho kipaza sauti, tutapiga kitu.”

Kisha, kwenye meza ya wazazi, shangazi Assuntina akasimama, mguu mmoja peku, ameinua ndara yake juu ya kichwa. Akasema ukumbi mzima ukisikia, “Ni mimi, mwanangu. Mimi ndiye niliyesema uje. Haya, kaa ule, wali wako unapoa.”

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mabibi harusi wapinzani walicheka hadi wanja ukawatiririka, na mchezo huo ukapata alama kumi kutoka kwao wote. Nikarudi mezani. Wenzangu walikuwa wamekwenda kupiga.

Jumapili, 15 Juni

Nimeuchambua mchezo ule kwa utulivu. Kasoro iko katika kanuni zake: mtu aliyeshika kiatu kila mkono, mbele ya taa kali, hana uhuru wa kudhihirisha hisia zake. Kimya cha Sabatino kilikuwa cha mtu aliyezidiwa na mapenzi. Immacolata hakuelewa swali. Katika harusi ya dada yake, Septemba, nitaliuliza kwa lugha nyepesi zaidi.

Shangazi Assuntina alipiga simu mchana. Alisema amepika tambi za kutosha watu wanne naye yuko peke yake. Maharusi bado wamelala hotelini na wataondoka jioni. Akanisihi: “Njoo, baba, tule wawili. Na hiyo shahada uje nayo niione.”

Nimemwambia haiwezekani. Sabatino huenda akapita kuniaga, na sitaki aje asinikute.